Namba 645 Si Volti: Kupanga Kigeuzi cha Analogi Ndani ya Mikrokontrola

Mfululizo wa mikrokontrola, sehemu ya tatu

Betri ya sola ya volti 12 haina nafasi kubwa kati ya kujaa na kuisha. Ile ya risasi na tindikali, ya maji, ikijaa na kutulia bila chaji wala mzigo husoma kama volti 12.6. Ikibaki nusu husoma karibu 12.2. Ikifika 11.9 imekwisha, na kila usiku inapoendelea kukamuliwa chini ya hapo hupoteza sehemu ya uwezo wake ambayo hairudi tena. Matumizi yake yote yamo ndani ya upana wa volti 0.7.

Fundi mmoja anataka kumtengenezea mteja kifaa cha kuilinda betri ya namna hiyo: kizime taa na televisheni kabla mambo hayajaharibika, kisha kiwashe tena jua likishaijaza. Ana bodi ya Arduino Uno na relei. Anapitisha waya wa betri kwenye rezista mbili, anauleta kwenye pini iliyoandikwa A0, anaandika programu ya mistari michache, na kwenye skrini inatokea namba: 645.

Namba hiyo si volti, si milivolti, wala si asilimia. Kabla ya kuikabidhi swichi ya umeme wa mtu, ni lazima ijulikane imetoka wapi na ni maamuzi gani yaliyofanywa ndani ya chipu mpaka ikapatikana. Tatizo ni kwamba mengi ya maamuzi hayo hufanyika kimya kimya. Bodi huja ikiwa imeshapangiwa, programu hukubali, namba hutokea, na mtu huendelea na kazi akidhani amepima.

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu pini za kidijitali, zile zinazojua kuwaka na kuzima basi. Betri haiko hivyo. Hupanda na kushuka taratibu, na kati ya 12.1 na 12.2 kuna thamani zisizohesabika. Joto la chumba liko vivyo hivyo, na unyevu wa udongo, na sauti ya mtu. Programu nayo hushughulika na namba zenye mwisho. Ili pande hizo mbili zikutane, baadhi ya pini za mikrokontrola zimeunganishwa na kigeuzi cha analogi kwenda dijitali, ambacho hapa kitaitwa kigeuzi tu.

Chipu iliyo kwenye Arduino Uno ni ATmega328P. Ukoo wake, AVR, ulianza kama kazi ya wanafunzi wawili wa Trondheim, Norway, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Kampuni ya Atmel ya Marekani ikaupeleka sokoni katika miaka ya 1990, na tangu 2016 Atmel imekuwa chini ya Microchip. Bodi za Arduino zenyewe zilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, zikiwa nyenzo ya kufundishia. Ziko chipu mpya zenye uwezo mkubwa kuliko hii. Imechaguliwa hapa kwa sababu kigeuzi chake kinaonekana chote: mipangilio yake ni michache, kila mmoja una sababu inayoeleweka, na anayeuelewa hapati shida sana akihamia kwingine.

Kigeuzi hicho kina biti 10. Hupewa volteji moja ya kulinganishia, iitwayo volteji ya rejea, hukigawa kiasi hicho katika ngazi 1024 zinazohesabiwa kuanzia 0 hadi 1023, kisha hutaja volteji iliyo kwenye pini imefika ngazi ya ngapi. Hesabu yake ni fupi: chukua volteji ya pini, gawanya kwa volteji ya rejea, zidisha kwa 1024, tupa desimali. Rezista za fundi ni za kiloomu 30 na kiloomu 10, kwa hiyo robo tu ya volteji ya betri ndiyo inayofika kwenye pini. Betri ya 12.6 inaleta 3.15. Kama rejea ni volti 5 kamili, jibu ni 645.

Kwa hiyo kigeuzi hutoa uwiano, basi. Kinasema volteji hii ni sehemu fulani ya ile. Asiyeijua ile kwa uhakika haijui hii pia, hata namba ikitulia kiasi gani kwenye skrini.

Namna kigeuzi kinavyoutafuta uwiano huo ni ya kale kuliko umeme. Ni kazi ya mizani ya mawe. Mwaka 1556 mwanahisabati wa Italia Niccolò Tartaglia aliandika kuhusu kupima mizigo kwa mawe ya ratili 1, 2, 4, 8, 16 na 32, kila jiwe likiwa maradufu ya lililotangulia. Muuzaji huanza na jiwe zito. Likizidi mzigo analiondoa, lisipozidi analiacha, halafu anajaribu linalofuata kwa uzito, mpaka mawe yaishe. Jumla ya yaliyobaki kwenye sahani ndiyo uzito.

Kigeuzi cha ATmega328P kina mawe kumi, kuanzia 512 hadi 1. Kikipewa zile volti 3.15 kwa rejea ya volti 5, hujaribu kwanza 512, yaani volti 2.5, pini imeizidi, jiwe linabaki. Huongeza 256 kufikia 768, ambayo ni 3.75, imepita, linaondolewa. Huongeza 128 kufikia 640, yaani 3.125, linabaki. Mawe ya 64, 32, 16 na 8 yote yanapita kiasi na kuondolewa. La 4 linabaki, la 2 linaondolewa, la 1 linabaki. Ukijumlisha 512, 128, 4 na 1 unapata 645. Majaribio ni kumi tu badala ya elfu moja na ishirini na nne.

Mwaka 1954 Mmarekani Bernard Gordon, kupitia kampuni yake ya Epsco, aliuza kigeuzi cha mtindo huu kiitwacho DATRAC. Kilikuwa na biti 11, kilichukua sampuli 50,000 kwa sekunde, kilitumia valvu kama zile za redio za zamani, na kilikula umeme wa wati 500. Leo kazi hiyohiyo inafanyika kwenye kona ya chipu inayotosha kushikwa kwa vidole viwili, kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya umeme ule. Mahitaji yake lakini hayajabadilika: kila jiwe linapowekwa, volteji ya ndani lazima ipate muda wa kutulia kabla ya uamuzi.

Muda huo ndio mpangilio wa kwanza. Kigeuzi hakiendi kwa mwendo wa chipu nzima. Kina saa yake, inayopatikana kwa kugawa saa kuu kwa 2, 4, 8, 16, 32, 64 au 128. Kitabu cha mtengenezaji kinasema ili biti zote 10 ziwe za kuaminika, saa hiyo iwe kati ya kilohezi 50 na 200. Chipu ya Uno inakwenda kwa megahezi 16. Ikigawanywa kwa 64 inatoa kilohezi 250, imezidi. Ikigawanywa kwa 128 inatoa 125, iko mahali pake. Kipimo kimoja cha kawaida huchukua mizunguko 13 ya saa hiyo, sawa na mikrosekunde 104, hivyo kwa sekunde moja vinapatikana vipimo 9,600 hivi. Kipimo cha kwanza baada ya kigeuzi kuwashwa huchukua mizunguko 25, kwa kuwa sakiti za ndani zinajiandaa.

Wapo wanaoisukuma saa hiyo hadi megahezi 1 ili wapate sampuli nyingi zaidi. Inawezekana, na kwa kazi isiyohitaji biti zote 10 mtengenezaji mwenyewe anakubali kuvuka kilohezi 200. Ila biti za chini huanza kuwa bahati nasibu. Kwa betri, ambayo hubadilika kwa dakika na saa, haraka hiyo haina faida yoyote.

Mpangilio wa pili ni rejea, na hapa ndipo vifaa vingi vya kulinda betri vinapoharibikia.

Arduino Uno isipoambiwa vingine huchukua volteji inayoilisha chipu yenyewe kuwa rejea. Programu nyingi za mifano huandika 5.0 kwenye hesabu bila kuuliza. Lakini bodi ikilishwa kupitia USB kwa chaja dhaifu ya simu na waya mrefu mwembamba, volti 4.7 si jambo la ajabu. Chukua sasa betri iliyokwisha, ya 11.9. Robo yake ni 2.975. Kwa rejea ya 4.7, kigeuzi kinatoa 648. Programu, ikiamini kuwa rejea ni 5, inaigeuza 648 kuwa volti 12.66, na kuitangaza betri imejaa. Taa zinaendelea kuwaka na betri inaendelea kufa, huku kigeuzi kikiwa hakijakosea hata kidogo. Kilitaja uwiano sahihi. Kosa liko kwenye ile 5.0 iliyoandikwa bila kupimwa.

Dawa yake imo ndani ya chipu. ATmega328P ina chanzo kidogo cha volti 1.1 ambacho hakifuati kupanda na kushuka kwa umeme unaoilisha. Kikichaguliwa kuwa rejea, chaja ikiwa dhaifu au ikiwa nzuri, 1.1 inabaki karibu palepale. Kwenye Arduino neno la kuandika ni `analogReference(INTERNAL)`.

Chanzo hicho kina jambo lake. Kimetulia ndani ya chipu moja, ila kati ya chipu na chipu mtengenezaji anaruhusu kiwe popote kati ya volti 1.0 na 1.2. Mwenye chipu ya 1.05 akiandika 1.1 kwenye programu ameingiza kosa la karibu asilimia 5, ambalo kwenye betri ni volti 0.6. Kwa hiyo kila chipu ipimwe mara moja: chagua rejea ya ndani, fanya kipimo chochote, weka mita kwenye pini ya AREF, andika namba unayoiona, uihifadhi ndani ya programu ya bodi hiyo. Fundi anayetengeneza vifaa kumi atakuwa na namba kumi. Kazi hii ya dakika moja ina thamani kuliko kununua chipu ya biti 12, na inashangaza jinsi inavyorukwa hata katika miradi ya vyuoni iliyofanywa kwa bidii.

Tahadhari moja ya usalama ifuate hapo hapo. Pini ya AREF inaweza pia kupokea rejea ya nje, kutoka kwenye chipu maalumu ya volteji sahihi. Ikiwa kuna volteji ya nje kwenye pini hiyo, programu isichague kamwe rejea ya ndani wala ile ya umeme wa chipu, kwa kuwa vyanzo viwili vitakutana uso kwa uso na chipu inaweza kuungua. Na kila rejea inapobadilishwa, kipimo cha kwanza kitupwe. Kapasita iliyo kwenye AREF inahitaji milisekunde kadhaa kushuka kutoka 5 hadi 1.1.

Si kila kipimo kinachoumizwa na umeme unaoyumba. Potenshiometa, au kihisi cha joto ambacho ni rezista inayobadilika, kikilishwa na umeme uleule unaotumika kuwa rejea, hupanda na kushuka pamoja nao. Umeme ukiwa 5 au 4.7, potenshiometa iliyo katikati inatoa 512 vilevile. Kwa vihisi vya aina hiyo rejea ya kawaida ya Uno ndiyo sahihi kabisa, na kuwapeleka wanafunzi kwenye 1.1 kwa kila kitu ni kuwaharibia. Swali la kujiuliza ni moja: je, kitu kinachopimwa kinafuata umeme wa bodi, au kina volti zake chenyewe? Betri ina zake.

Kihisi LM35 nacho kina zake. Kinatoa milivolti 10 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Kwa rejea ya volti 5 kila ngazi ya kigeuzi ni karibu milivolti 4.9, yaani nusu digrii. Kwa 1.1 kila ngazi ni kama milivolti 1.07, yaani sehemu moja ya kumi ya digrii. Kwa anayetaka kujua tu kama chumba kina joto, nusu digrii inamtosha. Kwa mwenye mashine ya kutotolesha mayai ya kuku, inayotakiwa kushikilia digrii 37.5 hivi kwa wiki tatu, nusu digrii ni nyingi. Kihisi ni kilekile, waya ni uleule, na tofauti yote imeletwa na mpangilio mmoja.

Kurudi kwenye betri: rejea ikiwa 1.1, rezista za kiloomu 30 na 10 hazifai tena, maana volti 3.15 ziko juu kabisa ya kipimo na kigeuzi kitatoa 1023 muda wote. Robo haitoshi, inahitajika sehemu moja ya kumi na sita. Rezista ya kiloomu 150 juu na ya kiloomu 10 chini inaleta hilo. Betri ya 12.6 inatoa volti 0.7875 kwenye pini, na kigeuzi kinasoma 733. Betri ya 11.9 inasoma 692. Kati ya kujaa na kuisha kuna ngazi 41, kila moja sawa na milivolti 17 za betri. Hata chaji ikipandisha betri hadi 14.4, namba ni 837, na nafasi ya juu bado ipo.

Jozi hiyo ya rezista ina faida nyingine mbili zinazostahili kuelezwa kwa kituo.

Ya kwanza ni usalama. Paneli ya sola ya volti 12, isipokuwa na mzigo, hutoa hadi volti 22. Siku waya wa betri ukichomoka huku chaji kontrola ikiwa mbovu, volti hizo zote zinaweza kufika kwenye rezista. Robo ya 22 ni 5.5, ambayo kwa chipu inayolishwa volti 5 ni ukingo wenyewe wa kile mtengenezaji anachoruhusu kwenye pini; chipu ikiwa inalishwa 4.7, ukingo umeshavukwa. Sehemu ya kumi na sita ya 22 haifiki hata 1.4. Kigeuzi kitasoma 1023, programu itajua kuna tatizo, na chipu itabaki nzima.

Ya pili inahusu mlango wa kigeuzi. Kipimo kinapoanza, kapasita ndogo ya pikofaradi 14 huunganishwa na pini kwa muda mfupi, hujazwa, kisha hukatwa, na kilichobaki ndani yake ndicho kinachopimwa. Rezista za nje zikiwa kubwa mno, kapasita hiyo inakatwa kabla haijajaa. Mtengenezaji anashauri ukinzani wa chanzo usizidi kiloomu 10. Kwa rezista mbili za kugawa volteji, ukinzani unaoonekana kwenye pini ni ule wa rezista hizo zikihesabiwa kwa sambamba. 150 na 10 zinatoa 9.4, ndani ya mpaka. Mtu akitaka kubana umeme zaidi na kuweka 1,500 na 100, anapata 94, na namba zitaanza kuvutwa na chaneli iliyopimwa kabla yake: kapasita inabaki na mabaki ya A0 inapokwenda kupima A1. Kuna njia ya kutoka hapo pia. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na waya wa hasi inakuwa akiba kubwa kiasi kwamba pikofaradi 14 haziitikisi. Njia hii inafaa kwa vitu vinavyobadilika polepole, na betri ni kimojawapo.

Bila hata kapasita hiyo, jozi ya 150 na 10 inavuta mikroampea 79 tu kutoka kwenye betri. Kwa mwezi mzima haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ampea-saa.

Maamuzi yakishafanyika, kuyaandika ndani ya chipu ni kazi ndogo. Rejista ADMUX hubeba rejea kwenye biti zake mbili za juu: 00 ni rejea ya nje, 01 ni umeme wa chipu, 11 ni ile 1.1 ya ndani. Biti nne za chini huchagua chaneli, na A0 ni 0000. Kwa hiyo ADMUX ya betri ni 11000000. Rejista ADCSRA huwasha kigeuzi kwa biti ya juu kabisa, ADEN, na biti zake tatu za chini zikiwa 111 saa hugawanywa kwa 128. Kwa pamoja ni 10000111. Kuanzisha kipimo ni kuweka 1 kwenye biti ya ADSC, na kipimo kikiisha biti hiyo hurudi 0 yenyewe.

Jibu la biti 10 haliingii kwenye rejista moja ya biti 8, ndiyo maana limegawanywa kati ya ADCL na ADCH. Mpangilio wa kuzisoma si hiari. ADCL isomwe kwanza: ikisomwa, kigeuzi hufungiwa kisiandike jibu jipya mpaka ADCH nayo isomwe, ili nusu ya kipimo kimoja isiungane na nusu ya kingine. Anayesoma ADCL peke yake akasahau nyingine anaweza kukaa usiku mzima akitafuta sababu ya namba zisizo na maana. Asiyetaka usumbufu huo, na anayetosheka na biti 8, aweke 1 kwenye ADLAR. Jibu husogea kushoto na ADCH pekee inatosha. Iko pia DIDR0, rejista inayosahaulika, inayozima upande wa kidijitali wa pini za analogi. Upande huo ukiachwa wazi kwenye volteji iliyo katikati hula umeme bure, jambo linaloonekana kwenye kifaa kinachotegemea betri ndogo.

Chaneli 1110 haina pini. Inapeleka ile volti 1.1 ya ndani kwenye kigeuzi. Ikichaguliwa huku rejea ikiwa umeme wa chipu, swali linageuka: kinachojulikana kinapimwa kwa kisichojulikana. Umeme ukiwa volti 5, jibu ni 225. Ukishuka hadi 4.7, jibu linapanda hadi 239. Zidisha 1.1 kwa 1024, gawanya kwa jibu, na chipu imejua inalishwa volti ngapi bila waya wowote wa nje. Fundi anaweza kutumia njia hii kuandika kwenye kumbukumbu kila mara chaja ilipolegea.

Namba bado zitachezacheza, 732, 733, 735, 733. Sehemu ya kelele hiyo inatoka ndani ya chipu, na kwa ajili yake ATmega328P ina usingizi maalumu unaozima kazi nyingine wakati kigeuzi kinapima. Sehemu kubwa zaidi inatoka nje, hasa kwenye nyumba zenye umeme wa gridi. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na waya mrefu wa kihisi huudaka. Kelele ya hezi 50 hujirudia kila milisekunde 20, kwa hiyo vipimo vikisambazwa sawasawa ndani ya milisekunde 20 kamili, kisha vikachukuliwa wastani, kupanda na kushuka kwake kunafutana. Kwa mwendo wa mikrosekunde 104 ni vipimo 192. Kinyume chake ni mtego: mtu akipima wimbi la hezi 50 mara 50 kwa sekunde, anakuta namba iliyotulia tuli, kwa sababu kila mara analikuta wimbi mahali palepale. Kulijua wimbi lolote kunahitaji sampuli zaidi ya mara mbili ya mwendo wake, na kwa kazi halisi ni nyingi kuliko hapo.

Kelele kidogo ina kazi yake nzuri. Vipimo 16 vikijumlishwa na jumla kugawanywa kwa 4, zinapatikana biti 12 kutoka kwenye kigeuzi cha biti 10, mradi namba zinachezacheza angalau ngazi moja. Zikiwa zimeganda, kujumlisha hakuongezi kitu. Atmel ilitoa maelezo kamili ya njia hii kwa watumiaji wake. Ila wastani husafisha kelele tu. Rejea mbovu ikipimwa mara elfu hutoa jibu bovu lililotulia vizuri.

Wanaohamia kwenye chipu mpya watakuta maswali yaleyale kwa sura nyingine. ESP32, inayopendwa kwa sababu ina Wi-Fi ndani yake, ina vigeuzi viwili vya biti 12. Rejea yake nayo ni 1.1 kwa jina na huangukia kati ya 1.0 na 1.2, kwa hiyo watengenezaji huchoma ndani ya chipu namba za kusahihishia, na programu inapaswa kuziomba. Karibu na mwanzo na mwisho wa kipimo chake mstari hupinda, hivyo ni busara kupanga rezista ili kipimo kiangukie katikati. Na pini zilizo kwenye kigeuzi cha pili hazisomeki Wi-Fi ikiwa kazini, sababu ya kawaida ya kifaa kinachofanya kazi vizuri mezani kisha kinakuwa bubu kikiunganishwa na mtandao. RP2040 ya Raspberry Pi Pico ina biti 12 na sampuli 500,000 kwa sekunde, lakini watengenezaji wenyewe wamekiri kasoro katika namba nne, 512, 1536, 2560 na 3584, ambapo ngazi ni pana kuliko inavyotakiwa. Biti 12 kwenye tangazo si biti 12 za kutegemea.

Fundi sasa ana namba anayoweza kuiamini: 692 ni betri ya 11.9, na relei inaweza kukata. Ikikata, mzigo unaondoka, na betri iliyopumzika hupanda yenyewe hadi 12.1 au 12.2 ndani ya muda mfupi. Programu iliyoandikwa kwa mpaka mmoja itawasha tena, mzigo utaishusha, itakata, itawasha, na relei itagongagonga usiku kucha. Sehemu ya nne itaanzia kwenye mipaka miwili, wa kukata na wa kurudisha, na muda wa kusubiri kati yake.